Luteni Aliyejua Kiswahili

Hyattsville, Maryland
6 Oktoba 1997

Kwa Mkuu wa Mambo ya Jeshi,
Ubalozi wa Uswidi, Washington

Mheshimiwa,

Salamu nyingi. Samahani naandika kwa Kiswahili. Kiingereza changu ni cha kazini tu, cha kuwauliza wazee kama wamekula na wanaumwa wapi. Jirani yangu Jerotich, Mkenya, alikaa kunisaidia, lakini kila nilipomwambia jambo alilifupisha, mwisho barua ikawa kama ya kuomba kazi. Nimeona niandike mwenyewe. Ubalozi hautakosa mtu wa kutafsiri.

Naitwa Sikujua Alidori. Nilizaliwa Elisabethville, Kongo, mji ambao siku hizi ni Lubumbashi. Papa yangu, Alidori Ngalamulume, alikuwa karani wa reli, mtu wa Kasai. Watu wa Kasai walipofukuzwa mitaani mwaka 1961, tulikimbilia kambi ya wakimbizi nje ya mji. Kambi ile ililindwa na askari wa Umoja wa Mataifa waliotoka kwenu. Mimi nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka mahema, foleni ya unga, na kofia za buluu.

Asubuhi moja ya Mei 1962 papa alitoka hemani, hakurudi. Siku ya pili mama alikwenda langoni kuuliza. Alimkuta luteni wenu mmoja, kijana, anayejua Kiswahili. Akamwambia, "Mama, mume wako alionekana akipanda treni ya Kasai."

Basi. Tangu siku ile mama anajua kwamba mume wake alimwacha na watoto wawili, akaenda kwao kuanza maisha mengine. Alitupeleka kwao Albertville, halafu vita vilipofika huko tukavuka ziwa mpaka Kigoma. Amezeekea Kigoma, anakaa na mdogo wangu Edna. Jina la papa halitajwi nyumbani kwao. Mimi ninalo kwa sababu karatasi za shule zililiandika.

Ninaomba kitu kimoja. Jeshi huandika kila kitu. Kama kuna orodha ya watu wa treni ile, nataka kujua alishukia wapi. Kama yuko hai ana miaka sabini na moja. Sitamgombeza. Nina swali moja tu la kumwuliza.

Wako mtiifu,
Sikujua Alidori


Washington
20 Oktoba 1997

Bi Sikujua Alidori,

Nimepokea barua yako. Haikuhitaji mtafsiri. Nilizaliwa Tanganyika, karibu na Bukoba, ambako baba yangu alikuwa seremala wa misheni, nami nilikaa huko hadi umri wa miaka kumi na miwili. Ni muda mrefu sijaandika lugha hii, hivyo uniwie radhi nikikosea.

Nitawaandikia watunzaji wa nyaraka za jeshi huko Stockholm. Jibu lao laweza kuchukua wiki kadhaa. Nakushauri usiweke matumaini makubwa. Orodha za kambi zile hazikuwa kamili.

Kwa heshima,
Henning Tegelberg
Kanali wa Daraja la Kwanza
Mwambata wa Kijeshi


Hyattsville
2 Novemba 1997

Bwana Kanali,

Barua yako niliisomea ndani ya basi, nikapitiliza kituo changu! Nilirudi kwa miguu huku nacheka peke yangu kama mwehu. Mzungu wa Uswidi anaandika "uniwie radhi". Nilimsomea Jerotich, akasema hata mwalimu wake wa Kericho hakuandika hivyo.

Asante kabisa. Nitangoja, kungoja nimezoea.

Nifanye kazi ya kueleza mimi ni nani, maana umeandikiwa na mtu usiyemjua. Nina miaka arobaini na mbili. Mume wangu Cosmas, wa Kigoma, alifariki mwaka 1993. Mwaka 1995 nilipata viza ya bahati nasibu, nikaja na mwanangu Dunstan. Nafanya kazi nyumba ya wazee huko College Park. Dunstan ana miaka kumi na tano. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, kwa hiyo nyumbani kwetu kila mtu anaongea na ukuta wake. Siku za ofu ninapika, ninalala, naangalia maegesho ya magari kupitia dirishani. Wewe ndiye mtu wa kwanza hapa Amerika aliyeniuliza habari ya papa yangu. Sawa, hukuniuliza, nilikueleza kwa nguvu.

Sasa swali. Luteni yule aliyesema na mama alijua Kiswahili. Mama anasema alisema kama mtu wa kanisani. Nanyi Waswidi wenye kujua Kiswahili hamwezi kuwa wengi. Labda unamfahamu? Labda bado yuko hai, anakumbuka ni treni gani?

Sikujua


Arlington, Virginia
30 Novemba 1997

Bi Sikujua,

Kwanza swali lako. Watoto wa wamisheni tuliokwenda jeshini tulikuwa kadhaa, na jeshi lilitupenda kwa ajili ya lugha. Ni vigumu kumjua mmoja baada ya miaka thelathini na mitano.

Stockholm wamejibu. Hawana orodha ya abiria. Katika taarifa za Mei 1962 hawakuona jina la Alidori Ngalamulume. Nasikitika.

Umenieleza habari zako, si haki nikae kimya juu ya zangu. Barua hii naiandikia nyumbani, si ofisini.

Nilirudishwa Uswidi mwaka 1950 na kuachwa kwa shangazi. Sikuwa na rafiki hata mmoja. Watoto walinicheka kwa sababu niliota ndoto kwa Kiswahili na kusema usingizini. Jeshi lilikuwa mahali pa kwanza ambapo hakuna aliyejali nimetoka wapi. Mradi viatu viwe safi na kitanda kimetandikwa. Nikakaa. Nilitumwa nje na Umoja wa Mataifa, nikiwa luteni. Niliporudi walinipa medali, na baada ya medali milango ilifunguka. Kapteni mapema kuliko wenzangu. Meja huko Boden, kaskazini, ambako wakati wa baridi jua huonekana kwa muda wa saa tatu tu kwa siku. Saiprasi mara mbili. Kisha nikapewa rejimenti niiongoze, watu elfu moja na mia mbili. Miaka mitano baadaye serikali iliamua vita baridi vimekwisha na rejimenti haihitajiki. Mimi ndiye niliyeshusha bendera yake. Walionipa amri hiyo walinifariji kwa kunipandisha daraja na kunileta hapa. Juu ya cheo changu kuna ujenerali, ambao sitaupata. Juni ijayo nitatimiza miaka sitini, na kwetu afisa wa umri huo huvua sare.

Mke wangu Gunnel hakuja nami. Yuko Uppsala. Tunaandikiana wakati wa Krismasi.

Ni maisha mazuri, watu huniambia.

Henning Tegelberg


Hyattsville
14 Desemba 1997

Bwana Tegelberg,

Nililia kidogo kuhusu orodha, halafu nikaacha. Umejaribu, na hakuna aliyewahi kujaribu.

Nakutumia foto ya papa. Ni ya kitambulisho cha reli, niliichomoa katika sanduku la mama mwaka niliosafiri, hajui mpaka leo. Ndiyo moja tu iliyopo. Jerotich amenitolea nakala dukani, kwa hiyo ikae kwako. Labda mmoja wa wenzako wazee ataiona na kukumbuka uso.

Halafu kuna jambo. Jumapili ya tarehe 28 tuna ibada ya Kiswahili hapa Hyattsville, katika ukumbi wa kanisa tunaoazima. Watanzania, Wakenya, sisi wa Kongo wawili watatu. Baada ya ibada tunakula: pilau, sombe ya majani ya muhogo, chapati za Jerotich. Uje. Mtu aliyeota kwa Kiswahili asikae Krismasi peke yake Arlington. Nimewaambia kuna mzee Mswidi wa Bukoba anakuja, Mhaya mmoja amefurahi sana, anataka kukujaribu Kihaya.

Saa tano asubuhi. Nitavaa kitenge cha kijani ili unijue.

Sikujua


Arlington
7 Januari 1998

Bi Sikujua,

Niwie radhi kwa kutofika. Nilikuwa na shughuli.

Picha nimeipokea.

H. Tegelberg


Hyattsville
22 Machi 1998

Bwana Kanali,

Nimekuandikia mara mbili tangu Januari, hujajibu. Nilijiuliza nimekukosea nini. Labda ni kukualika chakula, labda wakubwa hawaalikwi hivyo. Niliona haya hata kumwambia Jerotich.

Leo sioni haya. Mama yuko lopitalo, amelazwa Kigoma. Moyo umechoka, miguu imevimba. Mvua zimekata barabara na simu, Edna alinipata juzi tu, kwa dakika nne. Anasema mama amekataa kutubu. Padri alimwambia amsamehe mume wake ili apumzike. Mama akamjibu, "Nitamsamehe akija kuniambia mwenyewe kwa nini." Amegeukia ukuta.

Na mimi nimekaa na barua zako mezani, nikazisoma zote tena. Unaandika kama mtu wa kanisani. Ulitumwa nje ukiwa luteni, hukusema wapi. Niliuliza kama unamfahamu luteni yule, ukaniambia mlikuwa kadhaa. Hukusema humjui.

Basi nauliza bila kuzunguka. Mei 1962 wewe ulikuwa wapi?

Sikujua binti Alidori


Arlington
26 Machi 1998

Bi Sikujua,

Nilikuwa langoni.

Ni mimi niliyesema na mama yako. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilimwambia uongo. Baba yako hakupanda treni yoyote. Alifariki asubuhi ileile aliyotoka, katika barabara ya mjini, kama kilomita mbili kutoka kambini. Hakuwaacha. Tafadhali mfikishie mama yako maneno haya kabla hujasoma mengine.

Sasa mengine.

Katika kikosi chetu mimi peke yangu nilijua Kiswahili, kwa hiyo niliwekwa langoni kutoa vibali vya kutoka. Wengi kambini walisema Kiluba tu. Baba yako alijua lugha zote mbili, akawa anakuja kila siku kunisaidia kutafsiri. Hakuna aliyemwomba. Alivuta sanduku la biskuti za jeshi akalikalia, tukafanya kazi. Tulifanya hivyo miezi minne. Nimekuambia kwamba baada ya Bukoba sikuwa na rafiki. Nilikuwa naye mmoja.

Asubuhi ile aliniomba kibali cha kwenda mjini na kurudi. Amri ilikuwa mezani kwangu: asitoke mtu kwa barabara ile, maana vijana wenye bunduki wameweka kizuizi. Niliisoma mara mbili. Lakini siku tatu zilizopita zilikuwa shwari, na yeye hakuwa ameniomba kitu hata siku moja. Nilimwandikia kibali. Nikamwambia, "Njia ni salama." Aliniamini kwa sababu niliyesema ni mimi.

Walitoka watatu. Baada ya muda mfupi nilisikia risasi. Nilichukua jipu na askari wawili, tukaenda. Tuliwakuta mtaroni. Wawili walikuwa hai. Baba yako alikuwa amekwisha kufa. Walitupiga risasi tulipokuwa tukiwapakia, gari likatobolewa mara saba, lakini tulirudi nao wote.

Kibali changu kilikuwa katika mfuko wa shati lake. Nilikichana.

Komanda aliniuliza majina. Nilisema wawili waliojeruhiwa wametoroka wenyewe kupitia ua wa kambi, na marehemu simjui. Nikaandika hivyo: mwanamume mmoja, hakutambulika. Jina lingeuliza swali, na swali lingefika kwangu. Wale wawili walipelekwa hospitali siku ileile, hawakurudishwa kambini. Tulimzika alasiri, nyuma ya zahanati ya kambi, upande wa tuta la reli. Kasisi aliomba kwa ajili ya mtu asiyejulikana, nami nilisimama pale nikitafsiri.

Siku ya pili mama yako alikuja, amemshika mtoto mkono. Ulikuwa wewe au mdogo wako, sijui. Kulikuwa na treni iliyoondoka alfajiri, ndilo neno la kwanza lililonijia kinywani.

Medali niliyokuambia ni ya siku ile. Imeandikwa juu yake kwamba luteni kwa hiari yake aliwaokoa raia chini ya risasi. Kila neno ni kweli. Kila cheo nilichopata kilianzia katika karatasi ile. Nilipowapandisha vyeo vijana wangu niliwahubiria juu ya ukweli katika taarifa, nao waliandika kwenye daftari.

Sikuwaandikia watu wa Stockholm. Hapakuwa na haja, nilijua lililomo.

Tarehe 28 Desemba nilikuja. Niliegesha ng'ambo ya barabara. Nilikuona na kitenge cha kijani, umesimama mlangoni ukiangalia magari. Mliimba. Nilijua maneno yote. Nikaondoka.

Nilitaka kujitetea kwa lile neno ambalo ni jina lako. Lakini nilijua, Bi Sikujua. Nilijua wakati wote.

Henning Tegelberg


Hyattsville
19 Aprili 1998

Kanali,

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Sikuweza kushika kalamu. Kazini nilimwogesha mzee mmoja wa umri kama wako, nikaweka kitambaa chini na kumwomba mwenzangu anipokee.

Mama nilimwambia siku nilipoipata barua. Nilimlipia Edna amtafute mtu wa simu ya misheni, wakamleta mama kwenye kiti. Nilimwambia papa alikufa siku ileile, alipigwa risasi barabarani, hakupanda treni. Sikuongeza. Edna akachukua simu, akaniambia, "Amevua hereni, kama mjane."

Mimi sikusamehe. Nakuandikia ili usije ukadhani kunyamaza kwangu ni kusamehe. Miaka thelathini na sita mama yangu amekataa kuolewa kwa hasira, amekataa nyimbo, alimpiga Edna kwa sababu anacheka kama baba yake. Wewe umepanda vyeo.

Lakini mama ametuma swali. Jumamosi amemwambia Edna aniulize: alikwenda kufanya nini mjini? Hukuandika. Umeandika risasi, gari, medali, yote ya kwako. Ya kwake hukuandika.

Niandikie alivyosema asubuhi ile, neno kwa neno. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeyasikia.

Sikujua


Arlington
23 Aprili 1998

Bi Sikujua,

Sikusahau. Niliyaacha makusudi, kwa sababu nilihofia yatamwumiza mama yako kuliko yale mengine. Naona sasa kwamba huko pia ni kuficha. Nakuandikia yote. Wewe utaamua umpelekee yapi. Mimi sina tena haki ya kuamua nani ajue nini.

Alikuja mapema, kabla sijafungua lango. Alikuwa amenyoa. Nikamwuliza, "Leo kuna arusi?"

Akasema, "Luteni, arusi ipo kama utanisaidia. Wanasema wiki ijayo na sisi tutapandishwa treni. Mke wangu ana cherehani, tuliiacha kwa jirani siku tuliyokimbia. Jana nilimwambia aiache, ni chuma tu, tutanunua nyingine. Akaniambia mimi sijui chuma ni nini, kwamba ile aliinunua kabla hajanijua, na nikiiacha nimwache na yeye."

Nikamwambia, "Mmegombana."

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha kupandisha, kama mtu anayeuliza. "Tumegombana sana. Jirani wa hema la pili amehama. Lakini Luteni, ana haki. Nimefikiri, mtu akifika ugenini na cherehani, kesho yake ana wateja. Mimi na kalamu yangu nitafika ugenini nikiwa ombaomba. Nipe kibali, niende na hawa ndugu wawili wanisaidie kuibeba, kabla ya saa nne nimerudi."

Nikaandika. Nikamwambia njia ni salama.

Alipopita lango aligeuka, akasema, "Akija kuniulizia, usimwambie nimefuata nini. Nataka aone mwenyewe."

Mama yako alipokuja nilikumbuka neno lile. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilitunza siri yake.

Cherehani hatukuiona. Hawakuwa wamefika.

H. T.


Arlington
12 Juni 1998

Bi Sikujua,

Hujajibu, na huna deni la kujibu. Naandika kukuarifu mambo mawili.

Niliwaandikia makao makuu ya jeshi, safari hii kweli. Nilieleza yote na kuirudisha medali. Wamejibu kwamba jambo ni la zamani, hakuna wa kushtaki, na hakuna utaratibu wa kurudisha medali. Wameniletea tena katika bahasha ileile. Lakini barua yangu wameiambatisha kwenye taarifa ya Mei 1962, na palipoandikwa "hakutambulika" pameandikwa Alidori Ngalamulume, karani wa reli. Nakala imo humu. Tafsiri yake nimeifanya mwenyewe nyuma ya karatasi.

La pili: wiki iliyopita walinifanyia tafrija ya kuniaga. Mkubwa mmoja alisoma yale maneno ya medali mbele ya wageni. Nilisimama nikasema kwamba siyo kweli, kwamba mtu alikufa kwa sababu yangu. Waliona ni unyenyekevu. Walipiga makofi kwa muda mrefu.

Naondoka mwisho wa mwezi. Gunnel ameniandikia kwamba nyumba ya Uppsala imeuzwa. Nitakaa kaskazini, karibu na Boden, pale ninapozifahamu barabara. Anwani iko chini.

Henning Tegelberg


Hyattsville
5 Julai 1998

Mzee Tegelberg,

Nilimwambia mama yote. Nilifikiri siku nyingi, nikimtazama Dunstan akila, nikasema, na mimi nikichagua cha kumficha nitakuwa nimekaa langoni kama wewe. Nikanunua kadi ya simu ya saa nzima. Nilimsomea maneno ya papa kama ulivyoyaandika, na kicheko nikajaribu kukitoa.

Mama aliuliza, "Alisema nina haki?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Amesema una haki."

Akasema, "Basi alikuwa ananirudia." Akalia. Sijawahi kumsikia akilia, Edna pia hajawahi. Alilia mpaka kadi ikaisha.

Wamemnyoa nywele. Wameweka matanga Kigoma siku tatu, majirani walikuja kumlilia mtu aliyekufa kabla wao hawajazaliwa. Hapa Hyattsville tulikaa Jumapili moja, Jerotich alileta chai. Dunstan aliuliza babu yake alikuwa nani. Nilimweleza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswahili, kibovu, lakini alijibu.

Mama hajapona. Anakula. Amesema nikuandikie hivi, nami naandika kama alivyosema: "Mwambie yule luteni simsamehe. Mwambie na asante kwa kumtoa mtaroni."

Jumanne tarehe 30 nilikuwa ofu. Nilivaa vizuri, nikapanda mabasi mawili na treni mpaka ubalozini kwenu. Ulisema mwisho wa mwezi, nikajua nitakukuta. Msichana wa mapokezi aliniambia Kanali aliondoka Ijumaa. Aliniuliza kama nina ujumbe. Nilikaa kidogo kwenye kile kiti chenu cha ngozi, akaniletea maji, halafu nikarudi.

Sikuja kukugombeza, wala kula nawe chakula. Foto ni ya kichwa na mabega tu, na mama kwenye simu anasema alikuwa mrefu, alikuwa mrefu. Nilitaka usimame mbele yangu, unyooshe mkono, unioneshe papa yangu kwa urefu alifika wapi.

Sikujua